Kilo ya Serikali, Mkono wa Hadija

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema, nikakaa kwenye ngazi ya duka la kijiji pale Kitomanga, kanga mpya kiunoni, nikijiona mtu. Bwana Ushirika akaja na funguo. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, mtu wa wilayani, kazi yake kusimamia maduka ya vijiji. Alipofungua mlango nikanusa sukari, sabuni na mafuta ya taa, nikasema moyoni: hapa sitoki. Nilikuwa mjane, nina watoto wawili wa kulisha, na nimeishia darasa la nne. Lakini mizani nilijua kuisoma.

"Serikali inataka nini hapa, dada Hadija?" akaniuliza kama mwalimu.

"Kuuza sukari."

"Kuuza sukari hata mlanguzi anauza. Serikali inataka mkulima wa korosho anunue kwa bei ile ile ya mtu wa mjini."

Ndivyo ilivyokuwa zama hizo za ujamaa, wajukuu zangu. Bei ya vitu vya lazima ilipangwa huko juu, sisi tukauza hiyo hiyo bila kuongeza. Tena tuliuza kwa kilo, kwenye mizani ya sahani mbili, huku jiwe, kule sukari. Barabarani palikuwa na duka la Mzee Chande. Yeye aliuza kwa kibaba, kile kikopo cha kizamani, na hapo ndipo alipojificha, maana bei ya serikali ilikuwa ya kilo. Nani angejua kibaba chake kimebeba nini?

Basi niambieni: kwa nini wanawake walipita mlangoni kwangu, wakanisalimia vizuri, wakaenda kwa Chande?

Bwana Ushirika alirudi akakuta magunia yamejaa. Akayapiga kofi. "Mzigo hautoki! Nikija tena nikaukuta, naupeleka kijiji kingine na mlango huu naufunga."

"Na mimi?"

"Na wewe jembe lipo."

Mimi jambo nisipolielewa linaniwasha kama upupu. Nikatuma mtu kwa Chande aninunulie sukari ya pesa ile ile ya kilo yangu. Nikaiweka kwenye mizani, sahani ikapaa juu! Nikamwita jirani yangu Somoe, mteja mkubwa wa Chande, aje ashuhudie kwa macho yake.

"Umeona? Yangu ni nyingi."

"Nimeona."

"Haya."

"Haya nini? Kesho nakwenda kwa Chande."

"Somoe, una wazimu?"

"Wazimu sina. Wewe ndiye una mkono wa birika. Chande anajaza kibaba mpaka kinafanya kilele, halafu ananitupia na kidogo juu yake, anasema, 'Na hii ya watoto.' Wewe unamimina, unatazama mizani yako, unachota unarudisha guniani. Mimi nimesimama pale naona sukari yangu inaondoka!"

"Napunguza ili iwe kilo!"

"Kilo mtajuana wewe na serikali. Mimi nimeona kijiko kikirudi."

Kwetu huku mtu akikupimia kibaba cha mfuto, yaani kilichofutwa kikawa sawa na mdomo, amekwambia hakutaki. Nyongeza ndiyo salamu ya muuzaji. Na mimi kila siku nilikuwa nawanyang'anya watu salamu yao, tena kwa kijiko cha serikali.

Asubuhi yake nikamwita Somoe akipita kwenda kwa Chande, nikageuza mkono. Nikaweka sukari pungufu makusudi, sahani ikabaki juu. Somoe akaanza kununa. Nikachota kidogo: "Na hii ya Somoe." Nikachota tena: "Na hii ya watoto." Sahani zikalingana. Somoe akafunga sukari yake kwenye pindo la kanga, akatoka anacheka peke yake. Kilo ilikuwa kilo ile ile, punje haikuzidi.

Kabla ya adhuhuri mlango ulijaa. Chande mwenyewe akaja kuchungulia.

"We Hadija, biashara umejifunzia wapi?"

"Kwako, mzee. Ada kadai kwa serikali."

Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka, lakini cha mdomoni.

Bwana Ushirika alipokuja akakuta gunia la sukari limelegea. Badala ya kufurahi akakunja uso. "Nasikia unagawa nyongeza. Hiyo ni mali ya kijiji, dada. Hii ni kesi. Lete funguo."

"Pima ya mtu yeyote umtakaye."

Akachukua ya Somoe, akaiweka kwenye mizani. Somoe akapiga ukelele: "Bwana mkubwa, usiiguse ya watoto!" Sahani zikasimama sawa. Akapima ya mwingine, sawa. Nikamweleza ninavyofanya. Alicheka mpaka akafuta macho, akanirudishia funguo. "Fungua kesho," akasema.

Nilifungua miaka mingi, kisha nikahamishiwa Songo Mnara, kisiwani, chini ya Bwana Biashara, mtu mpole wa maneno machache. Huko mzigo ulikuja kwa mashua, na bei ikabaki ya bara. Udadisi ukanipanda tena.

"Bwana, nauli ya mashua anaibeba nani?"

"Serikali."

"Na serikali anaibebea nani?"

Akanisogezea gunia. "Hadija, pima chumvi."

Mpaka leo sijajibiwa vizuri. Nikisikia redioni wamepunguza bei ya mbolea au ya mafuta, nafurahi, kwa sababu nimeona kwa macho yangu mama wa Kitomanga akinunua sukari bila kunyonywa, na mkono uliompimia ni huu. Lakini bei ya chini ni mzigo, na mzigo una mbebaji. Mbebaji wetu alichoka. Mashua zikaanza kuja nusu, kisha zikaja kwa bahati.

Siku niliyostaafu ubao wa bei ulikuwa ukutani, sukari rahisi kuliko popote pwani hii. Akaingia mama mmoja, akausoma kwa sauti, akanigeukia.

"Bei nzuri hii, bibi. Haya, nipimie."

Nikamkung'utia gunia tupu.