Jumamosi ya Bure

Jina lake la kuzaliwa lilikwisha sahaulika hata kwa jirani wa mlango wa pili. Watu walimwita Mzee Kitasa, ingawa hakuwa mzee wa kuitwa mzee: miaka arobaini na minane, na meno yake yote kinywani. Kazi yake ilikuwa kuchonga funguo na kufungua milango iliyowagomea wenyewe. Alifanyia kazi hiyo katika kichumba kilichobanwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne, chembamba kiasi kwamba mteja wa pili alisubiri nje atake asitake. Humo kulikuwa na mashine ya kuchongea, tupa, bisibisi za kila kimo, na ukuta mzima wa funguo ambazo bado hazijatiwa meno. Nyumbani kwake ni ghorofa ya kwanza, hatua kumi na nane kutoka kazini, na hata hizo alizipanda kwa nadra.

Mkewe alikuwa mtu wa Sabato. Ijumaa jua linapozama alikuwa amekwisha fua, amepika, amepiga pasi, na tangu hapo hakuna kazi mpaka jua la Jumamosi lizame tena. Mumewe naye aliikubali Sabato, tena kwa moyo mkunjufu, ila aliikubali kwa midomo. Alimsindikiza mkewe na binti yao hadi mlango wa kanisa, akapeana mikono na watu wawili watatu, kisha akaingia mitini. Kabla wimbo wa kwanza haujaisha, mashine ilikuwa inanguruma chini ya ngazi.

Kilichomrudisha kwenye Sabato ni vidole. Fundi wa vitasa huona kwa vidole, na vyake vikaanza kutetemeka. Siku moja kipini cha kitasa kilimdondoka mara tatu mbele ya mteja, na mteja akacheka. Akaenda kwa daktari. Daktari alimpima huku na huku, halafu akamuuliza siku anayopumzika ni ipi. Mzee Kitasa akafikiri, akafikiri tena, akaambulia patupu.

"Basi dawa yako ni hiyo," daktari akasema, wala hakumwandikia kidonge hata kimoja. "Siku moja nzima, kila wiki. Ukishindwa, hiyo mikono haitakufikisha mbali."

Jioni ile alimweleza mkewe. Mkewe hakusema "si nilikwambia", na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Miaka kumi na tisa ya ndoa, baba watoto," alisema tu. "Jumamosi ulizokaa na mimi hazifiki tano."

Mzee Kitasa akapiga moyo konde. Akaandika kwenye kipande cha boksi, akakitundika kazini: JUMAMOSI HAKUNA KAZI. Angeishia hapo, mambo yangekuwa shwari. Lakini mtu huyu ana huruma isiyo na breki. Aliwaza, je, mtu akikwama kweli? Akitoza, itakuwa biashara. Asipotoza, itakuwa ni msaada tu, na msaada haukatazwi. Basi akaongeza mstari wa pili: MWENYE SHIDA KUBWA AGONGE NYUMBANI, HALIPI. Hapo ndipo alipojiharibia.

Nani duniani ataikiri shida yake kuwa ni ndogo? Jumamosi ya kwanza waligonga wawili, ya pili watano. Ya tatu, habari ilikuwa imeenea mtaa mzima kwamba Mzee Kitasa anafungua bure, na watu wakaanza kumletea nyumbani: kabati, kufuli za baiskeli, droo ya meza imebebwa na watu wawili. Kinyozi wa pale kona alifika watu wakiwa bado wanakunywa chai, sanduku la nguo begani.

"Limejifunga lini?" Mzee Kitasa akamuuliza.

"Jumanne."

"Na Jumatano hukuniona? Alhamisi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo," kinyozi akajibu bila haya. "Lakini Jumatano si bure. Shati hili nimelivaa siku nne, mzee wangu, naisubiri siku yako."

Mzee Kitasa alicheka, maana kinyozi yule huchekesha hata anapokunyonya. Akalifungua sanduku. Baada yake wakaja wengine wanane. Alipokaa mezani chakula kilikuwa kimepoa, mkewe amekula peke yake, na binti amelala kwenye kochi, kitabu kifuani. Jumatatu vidole vilitetemeka vilevile. Hapo aliogopa kweli. Mikono ikimwacha, hajui kazi nyingine yoyote, na siku aliyopewa kuiokoa alikuwa ameigawa kwa watu wa kabati na baiskeli.

Ijumaa, akifunika sufuria ya mwisho, mkewe akamwambia, "Kesho usimfukuze mtu. Kama kuna moto, mgonjwa au mtoto ndani, kimbia hata viatu usivae. Kama hakuna, mkaribishe akae nasi. Jua likizama utamfungulia, kwa bei ya Jumatatu."

"Watanisema."

"Watakusema wakiwa wamekaa."

Kesho yake, walipotoka kanisani, kinyozi alikuja na kufuli ya dukani kwake. Akapewa kiti, akapewa chai, akaelezwa habari ya jua na bei. Ghafla akakumbuka kwamba ufunguo wa akiba uko kwa dada yake. Chai lakini aliimaliza. Saa saba mama mmoja wa ghorofa ya pili alishuka analia, mtoto kajifungia chooni. Mzee Kitasa alitoka na soksi, akamtoa mtoto, akarudi kikombe chake kikiwa bado cha moto. Wengine waliposikia utaratibu mpya, shida zao kubwa zikawa zinaweza kungoja Jumatatu.

Mchana ule aligonga Bi Mkunga. Huyu ni mkunga mstaafu, mjane wa ghorofa ya nne. Nusu ya watoto wa mtaa walipokelewa na mikono yake, akiwemo binti wa Mzee Kitasa mwenyewe. Wanawe wako mbali, humpigia simu kwa zamu.

"Mlango umejifunga, mwanangu," alisema, amesimama na kandambili. "Upepo umeusukuma. Funguo ziko ndani, mezani."

Akakaa, akala nao. Akawasimulia juu ya baba mmoja aliyezimia kabla mkewe hajapanda hata kitandani, ikabidi wamhudumie yeye kwanza, na binti akafunga kitabu ili asikie vizuri. Jua lilipozama Mzee Kitasa akapanda kumfungulia. Jumatatu, kwa hiari yake, akamng'olea kitasa kile cha kujibana na kumtilia kingine, cha aina ambayo haijifungi mpaka mtu azungushe ufunguo kwa nje. Malipo akayakataa. Atamtozaje mtu aliyempokelea mwanawe?

Jumamosi iliyofuata, saa ileile, mlango ukagongwa. Bi Mkunga.

"Mlango umejifunga tena, mwanangu."

Mzee Kitasa alifungua mdomo. Kitasa kile alikitia mwenyewe, kwa mikono hii, na hakuna upepo duniani wa kukifunga. Kwa muda mfupi hasira zikampanda. Kumbe hata huyu? Naye anafuata nini cha bure? Halafu akamtazama vizuri. Bi Mkunga alikuwa amechana nywele. Alivaa viatu vya kutokea na gauni lililopigwa pasi, na mkoba ameukumbatia kwa mikono yote miwili, anangoja kuambiwa akae. Mzee Kitasa akaona haya kwa hasira yake, akaufunga mdomo.

"Pole, Bi Mkunga," akasema. "Karibu ukae. Tutauangalia jua likizama."

Ilikuwa siku nzuri, sina namna nyingine ya kuisema. Walikula polepole. Hakuna aliyeinuka kwenda popote. Mkewe alivua viatu, akaiweka miguu juu ya kiti cha mumewe, na mumewe akaiacha hapo. Alipoangalia vidole vyake juu ya kikombe, vilikuwa vimetulia tuli.

"Miaka thelathini na minne," Bi Mkunga akasema, bila kuulizwa, "sikuwahi kukaa nikamaliza kikombe cha chai. Watoto hawaijui Jumamosi, wanakuja tu. Nikasema nikistaafu nitapumzika. Sasa ninazo siku saba za kupumzika, na hazina ladha. Kumbe kupumzika peke yako ni kukaa tu."

Mke wa Mzee Kitasa alimwongezea chai, akamsogezea sukari.

Jua likazama. Mzee Kitasa akachukua mfuko wa vifaa, akatangulia, kwa kuwa Bi Mkunga hupanda ngazi kwa kituo. Ghorofa ya nne akashika mpini wa mlango, na mlango ukafunguka wenyewe, kama alivyojua. Ndani aliona meza na kiti kimoja. Juu ya meza palikuwa na kikombe kimoja kimefunikwa, na kando yake funguo, palepale aliposema. Huyu mama hakuweza hata kudanganya vizuri.

Chini yake Mzee Kitasa akasikia viatu vya kutokea vikipanda, hatua na kupumua, hatua na kupumua. Akauvuta mlango taratibu mpaka ukakaa. Akapiga magoti, akatandaza vifaa vyake vyote sakafuni, hata vile visivyohusika, akachomeka waya kitasani, akaanza kuhangaika.

"Ni kigumu leo?" Bi Mkunga akauliza, akiwa ameegemea ukuta.

"Kigumu hasa." Akazungusha huku, akazungusha kule, akajifuta jasho ambalo halikuwepo. Kisha akausukuma mlango. "Haya, Bi Mkunga. Lakini nikwambie ukweli, kitasa hiki nimekishindwa. Jumamosi ijayo kitajifunga tena."

Bi Mkunga alimtazama, akatazama kitasa, akamtazama tena.

"Basi nitakuja mapema," akasema.