Mkanada wa Ghorofa ya Tatu

Mkanada wa ghorofa ya tatu, pale kitongoji cha Hallonbergen, ughaibuni, aliacha zamani mashindano ya kuteleza kwenye barafu kwa madoido, ila mwili wake haujapata habari. Hata akishuka kutupa taka hutembea kifua mbele, kidevu juu, mfuko wa maganda ameushika kwa ncha za vidole kama shada la maua. Vumilia, jirani yake Mtanzania, hukaribia kujificha kwa aibu. Jumapili moja ya Januari njia iliganda, naye Vumilia akakwama mlangoni, akiogopa kuvunjika nyonga ilhali kwaya inamngoja kanisani.

"Nishike mkono, jirani," yule mzee Mkanada akamwambia. "Mimi nimelelewa na barafu."

Walikwenda taratibu mpaka karibu na kituo cha treni. Hapo miguu ya mzee ikaruka juu, akaketi chini puu, mbele ya watu wote waliongoja basi. Vumilia alibaki wima. Mzee akainuka, akapangusa theluji matakoni, akatanua mikono kama mwisho wa mashindano na kuwatabasamia. Hakuna aliyepiga makofi. Tabasamu likaanza kumpotea mdomoni. Vumilia akavuta pumzi, akapiga kigelegele mpaka njiwa wakaruka.