Tawi Nililolikataa Juu ya Kilima

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne kwenye mizani ya majani ya chai. Mama mmoja alishusha kikapu chake akasema yule fundi wa mashine wa kiwandani, mtu wa ziwani, homa ya mapafu imemchukua. Mmoja wa wanaume waliokuwa karibu akasema, "Basi sasa tutaongea bila kuangalia nyuma." Wakacheka kidogo. Mimi sikucheka, wala sikumkanya, na ndiyo sababu nimeshika kalamu, ingawa shule yangu ni ndogo na sijui kama nitalieleza jambo hili inavyotakiwa.

Miaka mitatu iliyopita, Jumapili moja, sisi wenye baiskeli wa mashamba ya huku tulikusanyika, kama thelathini hivi, tuendeshe pamoja mpaka Kericho na kuvizunguka vilima vya mji, watu watuone. Siku hiyo zamu ya mizani ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemwachia mwenzangu bila kumwambia bwana shamba, msimamizi wetu, na kujulikana kungenitoa kazini. Sasa yule fundi alikuwa akienda nyuma ya wote, na kila tuliposimama alitoa kitabu kidogo mfukoni, anatazama baiskeli ya mtu, anaandika. Mara mbili alinitazama mimi. Tulipokuwa tukisukuma baiskeli kupanda kilima cha kuingilia mjini, nilimnong'oneza jirani yangu kwamba huyu ni jicho la bwana shamba. Kabla hatujafika juu, kundi zima lilikuwa limeacha kuongea.

Kwa desturi yetu, mwenye breki mbovu hukata tawi la mti akalifunga nyuma ya baiskeli, liburute chini na kupunguza mbio mteremkoni. Fundi alinijia na tawi, kamba tayari. "Omera," akaniambia, kama watu wa kwao wanavyoitana wakipendana, "breki yako imekwisha. Funga hili." Nikawaza, anataka nichelewe, nibaki naye nyuma anihoji. Nikamjibu, "Kaandike kwanza kwamba nimekataa." Watu wakacheka, naye akabaki ameshika tawi lake. Katikati ya mteremko baiskeli ilinishinda, nikaishia mtaroni, mkono umeteguka. Aliyenifikia wa kwanza ni yeye. Alipoinama kunifunga mkono kwa kamba ile ile, kitabu kilimdondoka kikafunguka, nikasoma: baiskeli nyekundu, cheni imelegea; nyeusi ya kengele kubwa, breki hakuna. Hiyo nyeusi ilikuwa yangu. Jina la mtu halikuwepo.

Lakini niseme haki: niliona ukurasa mmoja tu. Na baada ya siku nne bwana shamba aliniita, anajua yote, akanipa onyo la mwisho; ingawa hata huo mkono wangu uliofungwa ungeweza kunichongea. Sijui. Hata leo shaka haijanitoka yote. Ninalojua ni kwamba pale kilimani nilijua kidogo kuliko hivi, na bado nilisema. Tangu siku ile watu walimpelekea baiskeli azitengeneze, lakini akija kunywa chai walikata maneno, naye akanywa peke yake mwisho wa benchi. Ukurasa ule sikumtajia mtu. Kwanza kwa aibu, baadaye kwa kuzoea. Shaka ni yako mpaka uitamke. Ukishaitamka inakuwa mzigo wa mwingine.

Jana, tukiwa kwenye mizani, niliwaambia wale waliocheka habari ya ukurasa ule. Walisikiliza mpaka mwisho, kisha yule wa kwanza akaniuliza, "Sasa mbona hukusema alipokuwa anaweza kusikia?"

Nikaendelea kupima majani.