Kichwa Chini, Miguu Juu

Wiki iliyopita nilirudi Goma kwa mashua ya kutoka Bukavu, na kabla sijainua macho nilijua kwa sauti kwamba nimefika. Ubavu wa mashua uligonga matairi yaliyoning'inizwa gatini, yakatoa ule mguno mzito, kama muzee anayeketi baada ya safari ndefu. Abiria wenzangu walishika mizigo yao. Mimi nilishika magoti, maana miguu ilitaka kujikunja, ikanyage na kusukuma. Mwili una kumbukumbu yake, rafiki yangu, na wangu ulijifunza jambo moja kwenye matairi kama yale kabla haujajua kusonga bugali.

Tulikuwa tukikaa Murara, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Hapakuwa na udongo wa kupandia hata kitunguu. Lakini nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Koko, alikuwa ametoka Butembo, na mtu wa Butembo hawezi kukaa bila jembe. Kwa hiyo alikodi shamba la viazi upande wa Lac Vert, kwenye njia ya Sake. Huko kuna mabonde madogo ambayo watu wanayaogopa kuliko nyoka. Hewa mbaya hutoka chini ya mawe na kujaa bondeni kama maji yasiyoonekana. Tunaiita mazuku. Mtu mzima akitembea wima anaweza kupita salama. Mbwa au mtoto, ambaye pua yake iko karibu na ardhi, analala na haamki. Koko aliwahi kuwakuta mbuzi wake wamelala hivyo, majani bado mdomoni. Tangu siku hiyo alinibeba mabegani kila tulipopita pale, na akanipa sheria iliyokuwa juu ya amri zote za kanisani: kichwa kisishuke kupita magoti. Hata viatu nilifunga mguu ukiwa juu ya jiwe.

Sasa mfikirie mtoto aliyelelewa na sheria hiyo, akapenda mchezo ambao siri yake yote ni kutupa kichwa chini.

Mabomba ya mtaa wetu yalikauka bila kuaga, hivyo alasiri nilishuka ziwani na bidoni, yale madumu ya njano, mimi na binti wa jirani yetu, aliyekuwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Tulichota kwenye gati dogo ambako mashua za Idjwi zilishusha mananasi. Mananasi, dagaa wa sambaza waliotandazwa juani, mafuta ya injini: harufu hizo tatu zikikutana leo popote, nasimama. Kila aliyeshuka kuchota alioga, na kila aliyeoga aliishia kuogelea. Koko alijua kwamba naoga tu.

Jumamosi alikuja pale mwalimu wetu wa michezo, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni hata akiwa majini. Alijifunza kuogelea katika pisine, yaani bwawa la kuogelea, ya shule moja ya bweni, na aliapa kwamba mtoto wa Goma hatapiga maji kama mbwa mbele yake. Alitufundisha krole: uso majini, mkono mmoja ukimfuata mwenzake, pumzi ukiiiba pembeni. Tulipoimudu, akatuambia kwamba mwogeleaji anajulikana ukutani.

"Kila mutu anajuaka kwenda," alisema. "Kurudi njo kazi."

Akatuonyesha. Alikuja kwa kasi, na alipofika hakushika wala hakusimama. Aliinama kama anayesalimia, akajipindua majini, nyayo zikatua, akasukuma na kuondoka chali, kisha akajigeuza tumbo na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mwalimu alikuwa na jina lake la Kifaransa kwa jambo hilo. Sisi tuliliita kupindua sufuria.

Ukuta wa gati ulikuwa wa mawe ya volkano, na mawe yale yanachana nyayo kama msumeno. Kwa hiyo tulijipindulia kwenye matairi ya lori yaliyokuwa yakilinda mashua. Tairi lina tabia zake. Ukilikanyaga linabonyea kwanza, linasogea nyuma kidogo, ndipo linakurusha. Ukijipindua mapema unakanyaga maji matupu. Basi tulizoea kungoja, kungoja, mpaka pua inuse mpira.

Wenzangu waliweza haraka. Mimi nilifika kwenye tairi nikasimama kama mbuzi mbele ya daraja. Si kwamba niliogopa maji. Shingo yenyewe ilikataa. Ilikuwa na sheria yake.

"Weye unaogopa nini?" binti wa fundi aliniuliza mbele ya watu. "Akili itamwagika?"

"Akili gani?" mwingine akamjibu. "Ile bidoni iko tupu."

Walicheka mpaka wauza mananasi wakacheka pia. Aliyenisaidia ni fundi, baba wa yule binti. Nyuma ya kibanda chake palikuwa na rundo la maranda, laini, likinuka mikaratusi. Aliniacha nijipindue pale jioni baada ya jioni, mpaka Koko akawa ananitoa vipande vya mbao nyweleni na kulalamika kwamba fundi hajui kufagia. Kila niliposita, fundi alisema bila kuinua macho kwenye randa yake, "Pindua, mutoto. Huku chini kuko mbao tu."

Ikabaki pua. Maji yakiingia puani kichwa chini, yanachoma hadi nyuma ya macho. Nilimwuliza mwalimu, nikawauliza wavuvi, nikawauliza hata akina mama wa mananasi, kwa maana kuuliza ndiyo shule pekee niliyowahi kuipenda hadi mwisho. Jibu nililipata mwenyewe: ukiimba kwa pua, mdomo umefungwa, hewa inatoka na maji hayapati njia. Nikachagua wimbo wa kuingilia misa, ule ambao Koko aliuimba akimenya viazi, kwa sababu una sauti ndefu mwanzoni. Siku niliyojipindua nikiuimba, tairi lilinipokea, likanirusha, nikateleza chini ya maji ya kijani nikiwa na hakika kwamba nimezaliwa kwa ajili ya kitu hicho. Hakika hiyo haijanitoka mpaka leo.

Koko aligundua kwa ukucha. Unajua ngozi iliyokaa sana ziwani inavyokauka. Ukiikwaruza kidogo inaacha mstari mweupe. Jioni moja akitupakulia mboga ya sombe, alinishika mkono, akachora mstari, akautazama.

"Hii si ya kuoga," alisema. "Hii ni ya kulala ndani ya maji."

Binti wa fundi alikuwa amekuja kuomba chumvi. Alitaka kunitetea, Mungu ambariki. "Koko, usiogope. Anajua sana. Anawekaka kichwa chini, miguu juu, muzuri kabisa."

Koko aliweka mwiko chini. Hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Asubuhi nilikuta nguo zangu ndani ya gunia karibu na mlango. Baada ya misa ya Dominika ningepanda lori kwenda kwa shangazi Butembo, juu milimani, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni yale ya kisimani. Sikulia. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu.

Alikuja, akanywa chai mbili, akasifu viazi, ndipo akasema. Hoteli moja ya kando ya ziwa ilikuwa imemkubalia kutumia pisine yake Jumamosi asubuhi, watoto washindane, wazazi waone. "Mama, ukuje uone na macho yako mbele ya kumutuma."

Koko alikusanya vikombe. "Nitakuja," alisema. "Akienda na akirudi bila kushika kitu, bila kushikwa na mutu, atabakia. Akishika, lori iko."

Mwalimu alinitazama. Mashindano yanaruhusu kugusa ukuta kwa mkono na kugeuka taratibu. Wengi wangefanya hivyo. Koko hakuruhusu.

Jumamosi tulipita Katindo kwa miguu, Koko mbele katika kikwembe, kitenge chake cha sikukuu. Alipewa kiti cha plastiki, akakisogeza mwenyewe mpaka ukingoni, mwanzo wa njia yangu. Mimi sikuwahi kuona maji ya namna ile. Yalionyesha sakafu yake yote, na yalinuka dawa kama hospitali. Tulipaswa kwenda na kurudi, halafu kwenda na kurudi tena. Filimbi ikalia.

Nilikwenda vizuri. Nilifika upande wa pili nikiwa mbele ya wote, nikangoja kama nilivyozoea, nikangoja pua inuse mpira, na hapakuwa na mpira. Nilijipindua nikiwa nimeshaukaribia ukuta kupita kiasi, na ukuta wa vigae haubonyei kwa ajili ya mtu. Visigino vilitua juu ya ukingo, vikapiga saruji. Maumivu yalipanda hadi menoni. Wimbo ulikatika, maji yakaingia puani, nikasukuma vile nilivyoweza na kuondoka kombo kama chukudu yenye gurudumu bovu. Lakini sikushika.

Njiani kurudi nilipitwa na wawili, na nashukuru, maana nilipata nafasi ya kufikiri. Tatizo halikuwa mwili wangu. Tatizo lilikuwa tairi, ambalo halikuwepo, na mimi bado nililingoja. Ukuta huu ni wa kuujia kwa heshima, kwa mbali. Mbele yangu, juu ya maji, niliona kikwembe kimesimama. Koko alikuwa ameinuka, na mkono wake mmoja ulikuwa tayari umenyoshwa kunitoa.

Ningeshika ukingo pale, hakuna ambaye angenicheka. Nilijipindua mapema, mapema kuliko nilivyowahi kuthubutu, chini ya mkono wake uleule. Niliimba. Kwa kitambo nilihisi niko peke yangu bila kitu chochote, kisha nyayo zikaukuta ukuta, mgumu, mwaminifu, ukanirudishia kila nilichoupa. Nilipotokea juu nilikuwa mbali sana na kile kiti. Mara ya tatu, upande wa pili, haikunipa hata shida.

Nilimaliza wa pili. Koko hakuuliza nimekuwa wa ngapi. Kikwembe chake kilikuwa kimelowa mpaka kiunoni, kwa teke langu. Alivitazama visigino vyangu vilivyochunika, kisha akanitazama usoni.

"Pale chini, ulikuwa unavuta hewa gani?"

"Sikuvuta, Koko. Nilikuwa naimba."

"Unaimba nini?"

"Ile yako ya misa."

Alikamua kikwembe. "Basi uimbe na nguvu," alisema. "Miye sikusikia kitu."

Jioni ileile nguo zangu zilitoka guniani, na gunia likarudi kwenye kazi yake ya viazi.

Usidhani Koko alilipenda ziwa. Alilikataa mpaka mwisho. Lakini kuanzia hapo kila Jumamosi alishuka nami, akapindua bidoni tupu pale gatini, akaketi akiyapa maji mgongo na kuchambua maharage. Binti wa fundi alimtania, "Koko, geuka basi, umuone mutoto wako." Hakugeuka. Nilipotoka majini alininyoshea kitambaa kwa nyuma, bila kutazama, na hakukosea upande hata mara moja.

Niliacha shule mapema na nikaanza kuzunguka: Uvira, Kalemie, Kisangani, na miji mingine ambayo nilikaa mvua moja tu. Kila mahali nimeingia majini kuona yanasemaje. Leo gati letu halipo. Ufukwe umekuwa wa nyumba zenye kuta ndefu na vipande vya chupa juu yake, na watoto huchota maji kwenye kichochoro chembamba wakipanga foleni. Kibanda cha fundi ni duka la simu. Mwalimu alihama, hakuna anayejua alikokwenda na filimbi yake. Koko amelala Butembo, kwenye udongo wa kutosha.

Huko nilikopita watu wamenitazama nikiogelea, wengine wamenipiga picha, nami sikatai, najua ninachokifanya. Kutazamwa kunapatikana popote. Lakini mtu wa kuja kuketi karibu na kile anachokiogopa, amekipa mgongo, asiondoke mpaka wewe utoke, huyo sijamkuta tena katika maji yoyote.