Skrubu ya Nne

Saa tatu asubuhi, skrubu ya nne ilipokataa katakata kufunguka, Tabea aliweka bisibisi sakafuni, akaukokota mtungi mdogo wa oksijeni kutoka nyuma ya kabati na kuuhamishia mpira wa puani wa mumewe. Mshale wa mtungi ulikuwa juu kabisa. Luqman, fundi wa vifaa vya hospitali aliyewaletea mashine yao, alikuwa amemweleza waziwazi kwamba kwa kiasi cha hewa anachotumia Eliasi, mtungi ule ni wa masaa saba. Mwisho saa kumi jioni.

"Imekataa?" Eliasi aliuliza. Maneno yake siku hizi yalikuwa mafupi, pumzi ikimkatia sentensi njiani.

"Tatu zimetoka. Ya nne imelika kichwa."

"Vunja mfuniko."

"Nikiuvunja nani atatengeneza? Luqman yuko Singida mpaka Ijumaa."

Mashine yenyewe ilikuwa imezimwa, imegeuziwa ukuta uso. Kazi yake ni kuvuta hewa ya chumbani na kumchujia Eliasi oksijeni, usiku na mchana. Mgongoni ina mfuniko ulioshikwa na skrubu nne za nyota, na ndani ya mfuniko kuna kipande cha sponji kinachonasa vumbi. Kila Jumamosi Tabea hukitoa, hukiosha kwa sabuni na kuweka kingine kikavu. Ukichelewa, taa ya kijani inageuka njano, mashine inapata joto, kisha inazima. Mwezi wa nane, huku juu ya Kikatiti, vumbi haliombi ruhusa kuingia ndani. Jana usiku taa ilikuwa njano.

Eliasi alikuwa amemeza vumbi la namna nyingine. Kwa miaka kumi na minne, kila baada ya kuvuna kahawa, alishuka Mererani kuchoronga mwamba kwenye mashimo ya watu, akitafuta jiwe la thamani ambalo hakulipata hata siku moja. Alirudi na kikohozi. Tabea ndiye aliyebaki na migomba, na kitalu cha miche ya kahawa, na binti yao Prisca, na baadaye na mashine. Kabla ya hapo hakuwahi kushika bisibisi. Kitu kikilegea nyumbani alingoja shemeji yake Sifaeli apite. Lakini Luqman alipofunga mashine ile, alimkabidhi yeye maelekezo, akamfanyisha mazoezi mara tatu, akamwambia, "Mama Prisca, fundi wa hii mashine ni wewe. Mimi ni msaidizi wako." Tabea alikuwa amefika kidato cha nne na alipenda mambo yaliyoandikwa. Aliyaandika yote kwenye daftari, tarehe kwa tarehe, hata rangi ya maji ya kuoshea sponji.

Bisibisi ndizo zilizomwangusha. Seti ya kwanza aliinunua kwa mmachinga pale soko la Kilombero, ikapinda ndani ya mwezi kama kijiko cha bati. Ya pili aliitafuta dukani, yenye waranti ya mwaka mzima, na hiyo ndiyo iliyolika ncha leo, ikaondoka na kichwa cha skrubu. Ya Sifaeli ilikuwa nene, haikuingia. Ya jirani wa chini ilikuwa bapa.

Alimpigia simu jirani yake Agnela, akaja mbio na mtoto mgongoni.

"Kaa naye. Angalia mshale. Kila ukishuka alama moja nipigie."

"Si tumpeleke tu hospitali, Mama Prisca?"

"Mara ya mwisho tulimteremsha na gari la Sifaeli, midomo ilibadilika rangi kabla hatujafika lami. Unakumbuka." Agnela alikumbuka, akavuta kiti karibu na kitanda. "Ikifika saa tisa sijarudi, muite Sifaeli, mteremke na mtungi huohuo."

Alitia zile skrubu tatu kwenye kibiriti kitupu, akachukua seti iliyoharibika pamoja na risiti na kadi ya waranti, akaondoka.

Saa tano alikuwa mjini, mtaa mmoja nyuma ya Soko Kuu, mbele ya Jabiri, kijana wa miaka thelathini hivi aliyekuwa amemuuzia seti ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeleta hii kubadilisha. Ncha imelika, na mwaka bado."

Jabiri aliipokea, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Kidole chake kikasimama kwenye mpini, penye herufi mbili nyeusi zilizozama ndani ya plastiki: T.E.

"Hii nini?"

"Jina langu na la mume wangu."

"Umechoma?"

"Kwa msumari wa moto. Siku ileile niliyoinunua."

Huko kwao hakuna chombo kisicho na alama. Sufuria zina rangi kitakoni, majembe yana mikato mpinini, viti vya plastiki vina majina. Msiba ukitokea, au harusi, vyombo vya nyumba ishirini vinakusanyika ua mmoja, na bila alama chako hakirudi. Mtu akiomba bisibisi ya kufungia turubai, unampa. Humuulizi. Tabea asingeweza kulala na seti mpya isiyo na jina.

"Mama, soma hapa," Jabiri alisema, akageuza kadi. Herufi zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Kifaa kilichochomwa, kukatwa au kubadilishwa kwa namna yoyote hakitapokelewa.

"Nimechoma mpini. Kilicholika ni ncha."

"Nakuelewa. Ila nikiituma Dar wakaona hivi, wanarudisha. Na kwenda na kurudi ni wiki tatu, nisikudanganye."

"Wiki tatu?"

"Ndiyo utaratibu wao."

Alikuwa ametunza kadi ile kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya Biblia, na upande wa nyuma hakuwahi kuusoma. Simu ikalia. Agnela alisema mshale umeshuka alama ya pili na Baba Prisca amekunywa uji nusu kikombe. Saa tano na nusu.

"Nisaidie kitu kimoja," Tabea alimwambia Jabiri. "Kama ungekuwa unanunua ya kwako, ya nyumbani, usitake maneno mengi ikiharibika, ungeenda wapi?"

Jabiri alitazama nyuma kama bosi wake yupo, kisha akamwelekeza kwa kidevu. "Kona ya pili, kwa dada Swabaha. Usiseme ni mimi."

Swabaha alikuwa mama mnene mwenye ushungi wa zambarau, amekaa juu ya ndoo ya rangi kama kiti cha mwenyekiti. Babu yake alitoka Tanga na mzigo wa misumari, na ukoo haukuacha vyuma tangu hapo. Alisikiliza kidogo tu, akashusha boksi la kung'aa.

"Hii hapa. Vipande thelathini na mbili. Utafungua mpaka saa ya mkononi."

"Nahitaji mbili. Labda tatu."

"Vya ziada si vitakufaa?"

"Vya ziada vitapotea." Tabea alifungua kibiriti, akatoa skrubu moja. "Naomba nijaribu."

Alichomoa bisibisi ya nyota kutoka kwenye lile boksi, akaichomeka kwenye kichwa cha skrubu, akailaza sawasawa na kaunta. Skrubu ikatikisika, ikaanguka. Akajaribu nyingine. Ikaanguka. Swabaha aliacha kutafuna karanga.

"Wewe mama, unanunua bisibisi au unamchagulia binti mume?"

"Mume angerudishwa kwao," Tabea alisema. "Hii ikinisaliti sina pa kuirudisha."

Swabaha alicheka kwa pua, akainuka kwenye ndoo. Safari hii alishusha seti ya vipande sita, haina boksi la maana, mipini myeusi ya mpira, ncha za chuma cha rangi ya majivu. Tabea alichagua yenye namba mbili. Ilizama kwenye kichwa cha skrubu kama imezaliwa nayo. Akailaza, skrubu ikabaki palepale. Akaitikisa. Ikabaki.

"Ina sumaku?"

"Haina. Imekaa tu inavyotakiwa. Kwa kichwa hiki kilivyokwaruzwa, hiyo uliyokuwa unatumia ilikuwa namba moja, naona. Nyembamba. Inazunguka ndani, inakula kichwa na yenyewe inalika."

Kumbe hata bisibisi nzuri ingekufa mkononi mwake. Miezi yote hiyo alikuwa akiisaga skrubu ile kidogo kidogo, kila Jumamosi, kwa uangalifu wote. Alitazama saa ya ukutani: saa sita na robo.

"Waranti yake?"

"Miaka miwili. Ikilika au ikivunjika, unaniletea hapahapa, unachukua nyingine, unaenda zako. Dar hatuendi."

"Nani anaamua kwamba imelika? Wewe au mtu mwingine?"

"Mimi, au kaka yangu Muzammil."

"Risiti zenu za madukani zinafutika. Ya seti ya zamani yote imekuwa nyeupe."

"Naandika kwenye kitabu. Jina na simu."

"Nikiweka alama?"

Swabaha alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akaona ile seti ya zamani iliyochungulia kwenye kikapu, na herufi zake mbili. Akaelewa. "Alama ya rangi haina shida. Moto usiupeleke karibu."

"Niandikie hivyo."

"Nimeshakwambia, mama yangu."

"Umeniambia leo. Mwakani utakuwa na wateja elfu. Niandikie kwenye kadi, alama ya rangi inaruhusiwa, na mhuri."

"Mhuri anao Muzammil, ameenda kuswali adhuhuri. Akitoka huko anapitia chakula. Subiri nusu saa, dakika arobaini."

Simu ikalia tena. Sauti ya Agnela ilikuwa imepanda. Mshale umefika katikati, alisema, na Baba Prisca ameanza kuuliza kama gari la Sifaeli lina mafuta.

Tabea alisimama na bisibisi mkononi. Angeweza kulipa akaondoka sasa hivi, kadi ikiwa tupu, na leo ingepita. Lakini skrubu zile hufunguliwa kila Jumamosi, na Eliasi hataacha kuhitaji hewa mwakani. Siku nyingine kama hii, mvua ikinyesha, njia ikiwa utelezi? Dakika arobaini pia hakuwa nazo.

"Mume wangu anapumulia mtungi," alisema, taratibu, bila kupandisha sauti. "Unaisha saa kumi. Nyumbani ni juu ya Kikatiti. Mhuri siutaki tena. Andika wewe, tia jina lako na sahihi. Nitakuja kwako, siji kwa Muzammil."

Swabaha alivuta kalamu iliyofungwa kwa uzi, akaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa, akasema kila neno alipokuwa analiandika. Akatia sahihi, na namba yake ya simu chini. Kisha akachukua mkasi, akakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli chenye ukubwa wa ukucha, akakitia kwenye kibiriti pamoja na skrubu mpya moja.

"Hiyo iliyolika, weka mpira juu yake, halafu bisibisi juu ya mpira. Usizungushe kwanza. Kandamiza, lala nayo kwa uzito wako wote, ndipo uzungushe polepole. Una nafasi moja, labda mbili. Nenda, dada yangu."

Gari la Kikatiti lilijaa haraka, lakini lilisimamishwa na trafiki mara mbili, na bodaboda ya kupandisha juu ilipata pancha kwenye kona ya kanisa. Mita mia nne za mwisho Tabea alizipanda kwa miguu, sketi kaikunja kiunoni. Ilikuwa saa tisa na nusu. Sifaeli alikuwa ameshafungua mlango wa gari uani.

"Shemeji, tumpakie?"

"Nipe dakika kumi."

"Mshale uko kwenye nyekundu."

"Nimesikia. Kumi tu."

Chumbani Eliasi alikuwa amekaa wima kitandani, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Alimfuata mkewe kwa macho tu. Tabea alipiga magoti nyuma ya mashine, akaweka mpira juu ya kichwa kilicholika, akashika bisibisi kwa mikono miwili na kuilalia kwa kifua. Akazungusha. Ikateleza, mpira ukaruka chini ya kitanda.

Agnela alipiga magoti naye, akaupapasa, akampa. Upande mmoja ulikuwa umechanika, akaugeuza. Safari hii hakufanya haraka. Alisukuma mpaka mbavu zikamuuma, akahesabu mpaka tano, akageuza viganja pole kama mtu anayefungua mlango wa chumba aliko mgonjwa. Kitu kikalia, tik. Alidhani ni ncha imekatika. Akageuza tena, na skrubu ikazunguka pamoja na mkono wake.

Sponji lilitoka jeusi, zito kama kipande cha blanketi. Alichomeka jingine kavu, akarudisha mfuniko, skrubu tatu za zamani na moja mpya, akachomeka waya. Mashine iliguna, ikaanza kuvuma. Njano. Luqman alisema huchukua dakika tano. Wote wanne waliikodolea macho taa ile, Sifaeli akiwa mlangoni na funguo za gari mkononi. Agnela aliomba kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Ilipogeuka kijani, Tabea alihamisha mpira wa puani, akafunga mtungi kwa kiganja kilichojaa malengelenge. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Ilipita muda kabla mabega ya Eliasi hayajatulia.

"Umekaa mjini siku nzima," alisema mwishowe. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nachagua bisibisi."

Aliifikiria hiyo, akavuta pumzi mbili.

"Umepata nzuri?"

"Mwakani nitakujibu," Tabea alisema, akavuta daftari.