Nyuzi Nne za Waya Mmoja

Nikisikia harufu ya utomvu wa mti ukiyeyuka juu ya moto, hata leo mashavu hunichoma kabla sijakumbuka ni kwa nini. Harufu hiyo ilijaa nyumbani kwetu kila Jumamosi alasiri, katika zile nyumba za mawe za reli nyuma ya stesheni ya Nakuru, ambako babu yangu alifikia alipotoka magharibi kutafuta kazi, na ambako ukoo wetu ulikwama mpaka ukawa wa mjini. Baba hakuwa mtu wa reli tena. Siku za wiki alikuwa mtu wa kiwanda cha mablanketi, na Jumamosi alikuwa mtu wa shiriri. Shiriri ni fidla ya kwetu: kijigoma cha mti kilichowambwa ngozi, mpini mrefu, nyuzi mbili, na upinde wa katani unaopakwa utomvu ili ushike. Baba aliutoa utomvu huo kwenye miti ya misipresi ya upande wa Njoro, akauyeyusha katika kijiko kikuukuu juu ya jiko la makaa, na Mama akanung'unika kwamba ugali wake unanuka msitu.

Kuhusu nyuzi, Baba hakuwa na mchezo. Alipita kwa mafundi wa baiskeli karibu na soko akiomba waya za breki zilizochakaa, akazileta nyumbani mfukoni, kisha akakaa kizingitini na kuufumua waya mmoja, uzi baada ya uzi, maana waya wa breki ni nyuzi nyembamba nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja. Uzi alioupenda aliufunga kwenye komeo la mlango, akauvuta hadi ukanyooka, akaupiga kwa kidole gumba na kuusikiliza huku mdomo umeachama. Nyingi alizitupa. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja: nyuzi zote za shiriri zitoke kwenye waya mmoja. Ukichanganya, alisema, zitagombana kama wake wenza, na wewe mpigaji ndiye utakayeumia. Watu waliomwalika kwenye harusi walijua kwamba shiriri ya Baba hailegei wala haikatiki, nami nilijua hivyo pia, na nilijivuna nayo sana pale mtaani.

Mwaka niliomaliza darasa la nane, kanisa letu lilikuwa limepata fidla chache za kizungu, zilizotumika, na msichana mmoja aliyesoma chuo kikuu huko Njoro alikuwa akija kutufundisha. Jina lake Chebet, nasi tulimwita Mwalimu ingawa alitupita miaka michache tu. Mimi na rafiki yangu Wanjiru ndio tulioonekana kuwa na sikio. Basi ikajulikana kwamba kwenye ibada ya mavuno angekuja mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana huko juu, upande wa Molo, shule yenye sifa ya muziki, naye angesikiliza watoto wetu na kumchukua mmoja aingie kidato cha kwanza kwake. Mmoja tu. Kwa msichana wa nyumba za reli, nafasi ya namna hiyo haikuwa ikibisha hodi mara mbili. Mama alianza kuniita msomi. Baba, niliposhika fidla jioni kufanya mazoezi, alizima redio.

Siku chache kabla ya ibada, uzi mwembamba wa fidla yangu ulikatika. Nilikuwa nikiukaza, ukalia tii! na kunichapa kidevuni. Chuo kilikuwa kimefungwa na Mwalimu Chebet alikuwa amekwenda Nairobi. Tulipompigia simu akasema nisiwe na wasiwasi, atanunua uzi huko huko na kunifikia Jumapili asubuhi kabla ya ibada. Madukani Nakuru tulikuta nyuzi za gitaa tu. Mimi nilikuwa tayari kungoja. Baba alizunguka ile fidla juu ya meza kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Sasa ati tungoje mtu wa kufika Jumapili yenyewe?" akamwambia Mama. "Na gari ikiharibika Gilgil?"

"Si Mwalimu amesema atakuja, Baba Nasimiyu?"

"Mimi nimefunga nyuzi tangu nikiwa kijana. Hii pia ni shiriri, imevaa suti tu."

Alikwenda kwa mafundi wa baiskeli akarudi na waya mpya kabisa. Hakuwa ameuomba mara hii, aliununua. Aliufumua Jumamosi mchana kutwa, akachagua na kutupa, mkeka ukajaa vipande vya chuma. Nilidhani atafunga uzi mmoja uliokatika. Kumbe sharti lake lilikuwa pale pale. Zile nyuzi tatu nzima alizing'oa, akasema hazitaelewana na mgeni, na akafunga nne zote kutoka waya ule ule, zenye unene ule ule, zikang'aa kwenye fidla kama meno mapya. Nilipopitisha upinde, sauti ilitoka, lakini ilikuwa ikikwaruza. Uzi wa kwanza ulilia vizuri kiasi. Uzi wa nne, ule unaopaswa kunguruma kama mzee akisafisha koo, ulilegea na kutetemeka juu ya mti. Nilimwambia. Baba akaukaza, akaukaza tena, sasa ukawa unalia karibu sawa na wa kwanza, na vidole vyangu vikawa havijui pa kukaa. Yeye alifumba macho kwa raha. Kwenye shiriri, mkwaruzo ndio utamu wenyewe, mpigaji asiyekwaruza huonekana hajakomaa. "Vidole vitazoea," akaniambia. Nilimwona alivyofurahi, na kwa kuwa sikuwahi kumsikia Baba akikosea kwenye uzi, nikajiambia kwamba anayekosea ni mimi.

Kanisa siku ya mavuno lilikuwa limefurika. Mbele kulikuwa na marundo ya kabeji, mahindi, viazi vya Kuresoi ndani ya magunia, na kuku waliofungwa miguu wakipiga kelele kila kwaya iliponyamaza. Mwalimu mkuu aliketi safu ya kwanza, mama mnene mpole mwenye miwani. Mwalimu Chebet hakuwa ameonekana. Wanjiru alipiga kwanza, wimbo wa shukrani, taratibu, bila kuanguka popote. Kisha mchungaji akataja jina langu. Kinanda kikanipa sauti ya kuanzia. Nilipiga noti ya kwanza ikafanana kidogo. Ya pili ilitoka mahali pengine kabisa. Niliendelea kwa sababu sikujua namna ya kuacha, na kadiri nilivyotafuta wimbo ndivyo ulivyonikimbia, huku uzi wa nne ukichakarika kama nzi ndani ya chupa. Watoto wa Shule ya Jumapili walianza kucheka. Wakubwa waliwatazama kwa ukali, halafu wakubwa nao wakaanza kutazama chini. Nikasimamisha upinde. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na kabeji zote.

Hapo ndipo niliposikia kiti kikisukumwa nyuma ya kanisa. Sikuhitaji kugeuka. Baba alikuwa akija kwenye njia ya katikati, katika ile suti yake ya kahawia ya harusi, mikono mifupi kuliko mikono yake, na alipofika mbele akatoa koleo mfukoni. Alikuwa amelibeba kutoka nyumbani, kwa tahadhari.

"Samahani, kanisa," akasema kwa sauti ya kiwandani, "ni kitu kidogo tu."

Akaichukua fidla mikononi mwangu. Akashika kigingi cha uzi wa nne kwa koleo na kukikaza, sikio lake likiwa karibu na mti, kanisa zima likimsikiliza akisikiliza. Kile kidaraja chembamba kinachozibeba nyuzi kilianza kuinama. Mimi nilikiona. Nilifungua mdomo, na kabla neno halijatoka, kikavunjika kwa mlio kama wa fimbo kavu, waya ukaruka na kumkata Baba mkononi, nyuzi zote zikalala. Kuku wakapiga kelele. Safari hii kicheko kilitoka kila upande, hata kwenye kwaya, kile kicheko cha watu wanaojaribu sana wasicheke. Baba alipiga magoti kuokota vipande vya kidaraja, kimoja kilikuwa karibu na kiatu cha mwalimu mkuu, na yule mama akainua mguu wake polepole ili Baba akiokote. "Tumpigie Mungu makofi!" mchungaji akasema, maana hakujua la kusema lingine. Watu wakapiga. Wakati makofi yanapigwa, nikamwona Mwalimu Chebet amesimama mlangoni, vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu, na pakiti ndogo ya karatasi mkononi.

Ni yeye aliyenieleza baadaye nje, bila kunikaripia, kwamba nyuzi nne za fidla si ndugu. Kila mmoja una unene wake, mwembamba wa kulia juu na mnene wa kunguruma chini, na hakuna waya mmoja duniani unaoweza kuwazaa wote wanne. Uzi mwembamba ukiulegeza unakufa, ukiukaza unavunja kilichoubeba. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo, na lilikuwa limechelewa. Wanjiru alichukuliwa Molo. Mimi nilikwenda shule ya kutwa hapa mjini, na pale mtaani watoto walinipa jina jipya. "Breki!" waliniita nikipita na ndoo ya maji. "Breki, simama!" Nisimame au nisisimame, walicheka.

Lakini aibu iliyokaa ndani si ya jina. Ni ya safari ya kurudi nyumbani siku ile. Mama alibaki kusaidia kufunga magunia, nami nikatembea na Baba kando ya reli, yeye mbele, kitambaa kimefungwa mkononi, mimi nyuma na fidla isiyo na kidaraja. Nilimwonea haya. Niliona haya kwa suti yake, kwa koleo lake, kwa "samahani, kanisa," na kwa namna alivyopiga magoti kwenye viatu vya mgeni. Hatukukutana na mtu, na bado nilitembea mbali naye kidogo. Tulipofika kwenye geti la nyumba za reli alisimama akanigeukia. Sikuwahi kusikia mwanaume wa rika lake akimwomba mtoto radhi, na sijui alikojifunzia.

"Nasimiyu," akasema, "nimekuaibisha. Unisamehe."

Nilisema, "Hapana, Baba." Tulijua sote wawili kwamba ilikuwa ndiyo. Hakuacha shiriri, Mungu ashukuriwe, aliendelea kuipiga kwenye harusi mpaka vidole vilipokataa. Ila fidla ya kizungu hakuigusa tena, na mimi pia niliirudisha kanisani.

Sasa nina binti. Anaitwa Neema, yuko darasa la saba, na ni yeye aliyechagua fidla bila kusukumwa na mtu. Nafanya kazi katika duka la dawa mjini, na nikiwa kaunta nikisubiri wateja naweza kuagiza nyuzi kwa simu, zikafika kesho yake kutoka Nairobi, kila uzi katika pakiti yake, umeandikwa ni wa ngapi. Nimesoma habari za nyuzi kuliko nilivyosoma habari za dawa. Najua za chuma na za nailoni, najua zipi hulia kwa ukali na zipi kwa upole, najua kukaza kigingi kwa kukisukuma ndani huku unakizungusha. Shule yake ilipoandaa siku ya muziki muhula uliopita, nilimnunulia nyuzi bora kuliko zote, nne, kila mmoja na unene wake, nikazifunga kwa mikono yangu siku moja kabla. Sikujua kwamba uzi mpya hunyooka kwanza kabla haujatulia, na kwamba siku moja haitoshi.

Neema alisimama jukwaani akaanza vizuri. Katikati ya wimbo uzi mmoja ulilegea, sauti ikateleza, akasimama. Mwalimu wake alikuwa nje akipanga watoto wengine. Kutoka kwenye kiti changu hadi jukwaani zilikuwa hatua chache. Kigingi kile ningekizungusha mara moja tu, na wimbo ungeendelea. Wazazi wote tulikuwa tumeinua simu, mama mmoja mbele yangu alicheka kidogo, na mwili wangu wote ukakumbuka kanisa. Sikuinuka. Neema alingoja, kisha akapiga wimbo wake hadi mwisho ukiwa umepinda vile vile, akainama, akatoka.

Ndani ya gari aliniuliza, "Mum, ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

 Video niliyoichukua siku ile bado iko kwenye simu yangu, na nimeitazama mara nyingi usingizi unaponipotea. Uzi unalegea, mtoto anasimama, anainua macho na kutafuta kati ya viti hadi ananipata. Ananitazama moja kwa moja, muda mrefu, na picha haitikisiki hata kidogo.