Mashine Zangu, Wingu la Mudogo Yangu

Mudogo yangu, aliyenifuata kuzaliwa, alirudi kutoka Kampala, alikokuwa akisomea mambo ya ordinatere, yaani kompyuta, akiwa na mashine moja tu, nyembamba kama sahani. Nilicheka. Mimi nilikuwa nimegeuza chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Katoyi, mtaa wa chini ya mlima wa moto, kuwa studio ya video za harusi. Nilikuwa na mashine kubwa zinazovuma kama kinu, na sanduku la disiki zilizojaa maharusi wa mtaa mzima. Nilidhani nitamfundisha kazi.

Haikuchukua muda akanipita. Filamu iliyonichukua siku nzima, yeye aliimaliza huku anammenyea Mama viazi. Nikamuuliza siri yake, nikijifanya sijali.

"Yaya, mimi siko na mashine kubwa. Ninakodi," alisema, akiniita yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. "Picha zangu ninakodia pahali pa kulala, sawa vile mutu anakodi depo ya mizigo. Programu ya kukata video nayo ninakodi. Ninaifungua kwa internet, ninafunga, basi. Na kazi ikiwa nzito, ninakodi ordinatere nzima yenye nguvu, iko inchi ya mbali. Nikimaliza, ninaiachilia."

"Na hivyo vyote viko wapi?"

"Mu wingu. Wanaita hivyo, lakini ni majumba ya mashine za watu tu."

Mama hakuelewa hata neno, ila alimtazama akang'aa uso. "Mutoto huyu!" alisema. Mashine zangu nilikuwa nimezitafuta kwa jasho, moja baada ya nyingine, na hakuna siku niliyosikia "mutoto huyu".

Mabibi harusi wakaanza kusimama mlangoni pangu na kuuliza, "Mudogo yako iko?" Siku internet ilipokatika mjini, nilifurahi. Niliwasha mashine zangu zote, mlango wazi, ili mudogo yangu azisikie zikivuma.

Kisha mlima ukatema moto, ardhi ikakataa kutulia, na asubuhi moja tukaambiwa mtaa wetu uhame. Nilikodi chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, nikaanza kufunga mashine kwa blanketi.

"Yaya, acha hivyo vitu," mudogo yangu alisema. "Mama hawezi kutembea mbio."

"Wewe uko na wingu lako. Maisha yangu mimi iko humu."

Alitia simu mfukoni, akamshika Mama mkono, tukaingia katika umati uliokuwa ukielekea mji wa Sake. Magoti ya Mama yalipokataa, alimbeba mgongoni, akamfunga kwa kitenge kama mtoto. Mimi nilikuwa nyuma, nasukuma chukudu. Njia nzima niliona shavu la Mama limelala begani kwake, na nikasikia wakiimba pamoja wimbo wa misa, polepole, sauti ya Mama ikikatika kwa kila hatua. Wimbo ule mimi ndiye niliyemfundisha mudogo yangu, alipokuwa mdogo. Nilitaka kuwa mimi ninayembeba, lakini sikuachilia chukudu.

Gurudumu liligonga jiwe. Sanduku la disiki likaanguka, na watu wakalikanyaga kabla sijaliokota.

"Pole, yaya," alisema, akigeuka na Mama mgongoni. Pole ile iliniuma kuliko hasara.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama. Harusi nyingi zilikuwa zimepotea pamoja na disiki. Mudogo yangu alinionyesha namna ya kukodi pahali pa kuhifadhi kazi zangu, na siku hizi nakodi hata programu. Kazi inakwenda vizuri, siwezi kukataa.

Lakini wageni wakija, Mama anawasimulia, "Mutoto wangu alinibeba mpaka Sake," na wote wanamgeukia yeye. Siku moja nilishindwa kunyamaza.

"Mama, na mimi nilikuwapo."

"Ulikuwapo, mwanangu," alijibu kwa upole. "Ulikuwa nyuma, na mashine zako."

Hakusema kwa ubaya. Mudogo yangu alinisogezea kiti karibu na Mama. Nilikaa, lakini mudogo yangu sikumwangalia.